Kamasi limegeuka kijani: je, nimeze antibayotiki?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mafua yalinianza mwanzoni mwa wiki kwa koo kuwasha na kupiga chafya mfululizo. Homa ilikuwa kidogo na imekwisha, lakini tangu jana kamasi, ambalo lilikuwa jepesi kama maji, limekuwa zito na la kijani, na usiku nakohoa. Nina antibayotiki zilizobaki nilipougua zamani. Je, rangi hii ni dalili kwamba bakteria wameingia?

Jibu la kwanza
Pole sana, ndugu. Tafadhali usizimeze dawa hizo. Rangi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazokusanyika puani kupambana na maambukizi, kwa kuwa zina kimeng'enya chenye rangi hiyo, nazo hufika hata pale ambapo ugonjwa ni wa virusi peke yake. Mafua husababishwa na virusi vya aina zaidi ya 200, vinavyoongoza vikiwa ni rinovirusi, na antibayotiki haiui hata kimoja. Utakachoambulia huenda ni kuharisha au vipele, na bakteria walio mwilini mwako kuzidi kuwa sugu.

Kinachopaswa kutazamwa ni mwenendo wa ugonjwa. Kwa kawaida mafua hupamba moto siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua hadi kuisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi huweza kuchelewa kuondoka. Zikipita siku 10 bila nafuu yoyote, au ukipata nafuu kisha homa na maumivu ya uso vikaja kwa nguvu, hapo ndipo daktari hushuku bakteria katika mashimo ya hewa ya mifupa ya uso.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nitumie nini basi ili nipate usingizi? Sikutaja kwamba ninatumia dawa za shinikizo la damu.

Jibu la pili
Hilo lina uzito kuliko rangi ya kamasi. Vidonge vingi vya mafua vina dawa ya kuzibua pua ambayo hubana mishipa ya damu na huweza kupandisha shinikizo, kwa hiyo mwoneshe mfamasia dawa zako zote kabla ya kununua chochote. Soma pia maandishi ya pakiti: dawa nyingi za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake, na anayezimeza pamoja na parasetamoli ya kawaida huweza kuvuka gramu 4 kwa saa 24, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima, akaumiza ini bila kujua. Pua isafishe kwa maji ya chumvi, ukitumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi.

Jibu la tatu
Naongeza kwamba siku 10 hazisubiriwi ikiwa pumzi inakatika, kifua kinauma, makohozi yana damu au mgonjwa anachanganyikiwa; huyo apelekwe hospitali mara moja. Homa kali ya ghafla pamoja na mwili mzima kuuma huashiria zaidi influenza au UVIKO-19, na wazee, wajawazito na wenye pumu wamwone daktari mapema, kwa sababu dawa za influenza hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48. Kikohozi kinachozidi wiki 2, hasa kikiambatana na kukonda au jasho jingi usiku, kipimwe kifua kikuu.