Kila mwaka malengo yangu yanafia njiani kabla ya msimu wa korosho: naomba ushauri

Mama Wawili, Newala

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima, na walionitangulia kwa umri nawapa shikamoo.

Mimi ni mkulima, mama wa watoto wawili, na nina ekari tatu za mikorosho nilizoachiwa na marehemu baba. Korosho zangu za msimu huu zimekwisha kwenda mnadani kupitia chama chetu cha msingi, malipo yameingia benki, na kama ilivyo desturi yangu kila mwisho wa Desemba nimekaa na daftari ili niandike malengo ya mwaka unaokuja. Safari hii, kabla ya kuandika, nilifungua kurasa za nyuma. Mwaka wa kwanza niliandika "kuezeka bati". Mwaka wa pili niliandika "kuezeka bati na kujenga kisima cha maji ya mvua". Mwaka wa tatu ni maneno yale yale, ila kwa kalamu nyekundu. Nyumba yangu hadi leo ni ya nyasi, na kiangazi chote nanunua maji kwa ndoo, kwa kuwa huku juu uwandani mwenye bati na kisima ndiye anayelala bila wasiwasi wa maji.

Si kwamba fedha haipatikani. Inapatikana mara moja, kisha Januari inakuja na sare na madaftari, linafuata deni la dukani, michango ya ndugu, na kufikia Aprili sina kitu. Mikorosho inapoanza kutoa maua nahitaji salfa, ile dawa ya kupuliza mikorosho, na sina fedha ya kununulia. Mwaka huu, mwezi wa nane, nilichukua kwa mtu mmoja fedha ya kangomba, yaani kuuza korosho kwa siri zikiwa bado mtini, nikamlipa korosho wakati wa mavuno kwa bei isiyofika nusu ya ile ya mnadani. Najua ni biashara iliyopigwa marufuku, na nimeona aibu hata kuandika hapa, lakini nisipoeleza ukweli mtanishauri juu ya tatizo lisilo langu. Nipange vipi ili ukurasa wa mwaka huu usifanane na ile mitatu?

Mkulima wa Tandahimba

Dada yangu, pole, na usione aibu, maana wengi wetu tumepita huko.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona lengo lako la kwanza si bati. Lengo lako la kwanza ni kufika mwezi wa tisa bila kudaiwa korosho hata kilo moja. Ukilikosa hilo, kila unachoandika chini yake kitaliwa na kangomba, kwa sababu mtu anayeuza gunia kabla halijaanguka mtini anakuwa ameuza pia mipango ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo usianze kuhesabu kutoka Januari kwenda mbele. Anza na mwezi wa sita na wa saba, miezi ambayo ugonjwa wa ubwiriunga unashambulia maua na mfuko ni mtupu, kisha rudi nyuma ukijiuliza fedha ya salfa na ya vibarua wa kupuliza itakuwa imekaa wapi wakati huo. Mkorosho usiopata dawa maua yakiwa machanga hukausha maua hayo, na hakuna daftari litakaloyarudisha.

Mimi nilifanya hivi: siku ile ile malipo yalipoingia, kabla sijatoka benki, niliweka fedha ya salfa kwenye akaunti ya muda maalumu ya miezi sita. Haikuwa nyingi. Lakini mwezi wa tatu mdogo wangu alipokuja na shida yake, nilimwambia kweli kwamba siwezi kuigusa, naye akaelewa bila kuninunia, jambo ambalo lisingewezekana kama fedha ingekuwa ndani ya sanduku.

Jambo la pili ni mbaazi. Mvua ndiyo imeanza, na ukipanda sasa kwenye sehemu zenye nafasi shambani, utavuna kiangazi wakati mifuko ya wengine imekauka. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika kwenye mstari wa Januari, kwa sababu ni kazi ya mikono yako na haingoji mnada.

Fundi wa Masasi

Naongeza kuhusu ujenzi tu. Bati unaweza kununua sasa ukiwa na fedha na ukaziweka, mradi zikae pakavu, zisilale chini na zisipate unyevu katikati yake, la sivyo zitatoka madoa meupe kabla hazijapanda juu. Saruji usinunue sasa hata ukiambiwa bei itapanda. Mfuko uliokaa stoo mvua yote unaganda mabonge. Subiri kiangazi, siku ya kazi ikikaribia.

Vilevile andika lengo kwa vipimo. Paa linalofunika mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inakupa lita 960, yaani ndoo 48 za lita ishirini, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye mifereji. Ukishaijua hesabu hiyo ndipo unapojua kisima kiwe cha ukubwa gani, na huenda kisiwe kikubwa kama unavyokiwaza.

Mstaafu, Lindi

Marahaba, mwanangu. Waliotangulia wamesema vizuri, ila natofautiana kidogo na ndugu wa Tandahimba. Fedha unaweza kuifungia benki, lakini michango ya ndugu na sherehe haifungiwi popote, nayo kwetu si anasa; usipochangia unyago wa binti wa dada yako, nawe siku yako utakuwa peke yako. Usiifute kwenye mpango kana kwamba haipo. Ipangie kiasi, kiandike, na kikiisha useme kimeisha. Mimi nilipokuwa kazini nilishindwa miaka mingi kwa sababu bajeti yangu ilikuwa ya mtu asiye na ndugu.

Na hilo daftari usiliweke peke yako. Watoto wako wana umri gani? Kama mkubwa anajua kusoma, msomee.

Mama Wawili, Newala

Nawashukuru sana. Mzee wangu, mkubwa yuko darasa la sita, na jana usiku tulikaa naye chini ya taa. Nilipomsomea kurasa tatu za nyuma aliuliza kwa nini hakuna mahali palipoandikwa salfa. Sikuwa na jibu.

Tumeandika upya pamoja. Fedha ya salfa imeshakwenda benki kwa miezi sita, nimekwenda leo asubuhi. Ya sare na madaftari imekaa kando. Michango ina kiasi chake. Iliyobaki haitoshi paa zima, kwa hiyo nimenunua bati kumi na mbili, za upande mmoja, nazo zimesimama kwa kaka yangu mwenye chumba kikavu, juu ya vipande vya mbao. Upande wa pili utangoja msimu ujao, na kisima kitakuwa kidogo, tutakichimba wenyewe mwezi wa saba, saruji tukiinunua kwa fedha ya mbaazi.

Ndugu wa Tandahimba, naomba unieleze jambo moja: mbaazi unazipanda umbali gani kutoka shina la mkorosho? Kesho tunaingia shambani.

Mkulima wa Tandahimba

Ziweke nje ya kivuli cha matawi, dada, pale katikati ya mistari ambapo jua linafika. Chini ya kivuli zitarefuka tu bila kuzaa. Na uache njia ya kupita mpuliziaji mwezi wa sita.