Diploma ya maabara, niko Moshi: nianze na leseni ya Baraza au mtihani wa ASCPi?

Binti_Pasua

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa. Nimehitimu diploma ya maabara, NTA level 6, na kwa sasa najitolea kwenye maabara moja hapa mjini. Nimeona watu wengi wanazungumzia MLS (ya wanasayansi wa maabara) na MLT (ya mafundi wa maabara) za ASCPi, yaani vyeti vya kimataifa vya chama cha patholojia cha Marekani, ASCP. Maswali yangu: nianze na Baraza au nikimbilie huo mtihani wa nje? Kwa diploma naruhusiwa kuufanya, au mpaka digrii? Na mtihani wenyewe unabana wapi, maana vitabu ninavyo ila sijui nguvu niweke upande gani. Jambo la mwisho: cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, NIDA ina matatu. Kuna shida hapo?

Benchi_la_Sakina

Marahaba binti. Baraza kwanza, na hilo halina mjadala.

Leseni na cheti cha umahiri ni vitu viwili. Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya limeundwa kwa sheria ya 2007, na kuwemo kwenye daftari lake ndiko kunakokuruhusu kushika sampuli ya mgonjwa na kusaini majibu hapa Tanzania. ASCPi inasema tu kwamba umepimwa na kufikia kiwango fulani. Haikupi ruhusa ya kufanya kazi Tanzania, wala yenyewe peke yake haikupi ruhusa kwingine. Mwenye ASCPi bila leseni ya Baraza, kuanzia hospitali ya Mawenzi hadi ya Mount Meru hakuna anayeweza kumpangia zamu kihalali.

Sasa hilo la kujitolea. Kama hujasajiliwa, usitoe majibu kwa jina lako wala usikubali kuachwa peke yako usiku na grupu za damu. Kaa chini ya mtu mwenye leseni, yeye ndiye ahakiki na kusaini. Majibu yakileta madhara, kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni namba ya usajili ya aliyepima.

Baraza hukusajili kwa ngazi ya elimu yako: msaidizi kwa cheti, mteknolojia kwa diploma, mwanasayansi kwa digrii. Wa digrii wana mwaka mmoja wa mafunzo tarajali kabla ya usajili kamili, wewe wa diploma hilo halikuhusu. Ukishaingia, leseni huhuishwa kwa ada ya kila mwaka na alama za mafunzo endelevu. Hapa ndipo wengi hukwama bila sababu: wanahudhuria semina, hawaombi cheti cha mahudhurio, mwaka ukiisha hawana cha kuonyesha. Chukua cheti siku hiyohiyo, kipige picha, kihifadhi.

Na ukija kutaka kufungua maabara yako, leseni yako binafsi haitoshi. Jengo, vifaa na msimamizi husajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, ambayo ina sheria yake ya 1997.

Kaloleni_Docs

Nijibu la majina kwa sababu ndilo linaloua maombi mapema kuliko mtihani.

Kituo cha mtihani kinalinganisha jina la kwanza na la ukoo ulilojaza kwenye maombi na lile lililo kwenye kitambulisho chako. Yakipishana, huingii, na ada hairudi. Kwa hiyo anza na pasipoti, nayo itafuata cheti cha kuzaliwa na NIDA. Ada ya pasipoti ni shilingi 150,000, na ofisi za Uhamiaji zipo Moshi na Arusha. Jina litakalotoka kwenye pasipoti ndilo ujaze kila mahali kuanzia siku hiyo: maombi ya mtihani, barua za mwajiri, barua pepe.

Tofauti ya jina la katikati tu, yaani cheti kina "Neema Mushi" na NIDA ina "Neema Elia Mushi", humalizwa na hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Kama jina la ukoo lenyewe ni tofauti, hapo kiapo ni dhaifu. Fanya hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kisha peleka nakala chuoni na Baraza ili kumbukumbu zao zikubaliane na pasipoti.

Transkripti usiitume mwenyewe ikiwa umeshafungua bahasha. Wanaotathmini wanataka itoke chuoni moja kwa moja, au ibaki kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri. Ongea na ofisi ya taaluma mapema, uwaachie barua pepe ya mpokeaji na namba ya maombi yako.

Na kama njia uliyochagua inadai uzoefu wa kazi, kuna fomu ya kuthibitisha uzoefu pamoja na barua ya mwajiri kwenye karatasi yenye nembo, inayokiri kwamba fomu hiyo kweli imejazwa na yeye. Fomu bila barua haihesabiwi. Fomu inataja idara kwa idara: benki ya damu, kemia, hematolojia, mikrobiolojia, imunolojia, mkojo na vimiminika vya mwili. Aliyekaa miaka yote kwenye slaidi za malaria na MRDT (kipimo cha haraka cha malaria) atakuwa na mapengo hapo, kwa hiyo omba kuzungushwa idara mapema.

Kontroli_Mbili

Diploma inakupeleka MLT, digrii inakupeleka MLS. Tofauti ni kina cha maswali, muundo unafanana: maswali 100 ya kuchagua, saa 2 na nusu, kwenye kompyuta katika kituo cha Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani. Alama zinakwenda kwenye kipimo cha 100 hadi 999, na kufaulu ni 400. Ukikubaliwa unapewa dirisha la miezi 3 kuufanya, kwa hiyo usilipe ada kabla hujasoma.

Mtihani unabadilika kadiri unavyojibu. Ukipata, swali linalofuata linakuwa gumu kidogo, ukikosa linashuka. Ukiona maswali yanazidi kukuchanganya kufikia la 40, hiyo ni dalili nzuri, usianze kubahatisha kwa hofu.

Kwa MLS mgawanyo ni huu: benki ya damu, kemia, hematolojia na mikrobiolojia kila moja asilimia 17 hadi 22, imunolojia, mkojo na vimiminika, na uendeshaji wa maabara kila moja 5 hadi 10. MLT inakaribiana na hapo.

Watu waliosomea huku hufanya vizuri kwenye parasaitolojia na TB, wanaangukia benki ya damu. Sababu iko wazi: kazi ya kila siku ni grupu za ABO na Rh na krosimachi (kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji) ya damu iliyotoka Damu Salama. Paneli ya kutambua kingamwili, yaani seti ya seli nyekundu zenye antijeni zinazojulikana, wengi wameiona kwenye kitabu tu. Mtihani unaipenda sana.

Jifunze kuisoma hivi. Chukua seli ya paneli ambayo haikugandana na plazma ya mgonjwa. Antijeni zilizo kwenye seli hiyo unazikata kwenye orodha ya washukiwa. Lakini kwa mifumo ya makundi ya damu ya Kidd (Jk), Duffy (Fy) na MNS, kata tu kama seli ina dozi mbili (antijeni moja ya jozi bila mwenzake), yaani Jk(a+b−), siyo Jk(a+b+). Kingamwili dhaifu ya Jka inaweza kushindwa kugandisha seli yenye dozi moja, na ukiikata kimakosa umemwacha mgonjwa na ile inayosifika kwa kuharibu damu siku kadhaa baada ya kuongezewa. Halafu angalia enzaimu: papaini na fisini huharibu Fya, Fyb, M na N, na huongeza nguvu ya Rh na Kidd. Mgandano ukipotea baada ya enzaimu, Kidd hayumo kwenye hesabu.

Kingine ni seli za kuhakiki kwenye kipimo cha Coombs (cha kugundua kingamwili kwenye seli nyekundu). Kila tyubu iliyotoka hasi inaongezewa seli hizo na lazima igande. Isipoganda, jibu lako la hasi halina thamani: ama hukuosha vizuri na protini za plazma zimemaliza kitendanishi, ama ulisahau kukiweka. Unarudia kipimo kizima tangu mwanzo, huongezi tone.

Kwenye kemia swali la chupa linarudi kwa sura nyingi. Mgonjwa anatembea, hana shida, lakini potasiamu ni 9, kalsiamu iko chini sana na ALP imeshuka. Hapo damu ya chupa yenye kifuniko cha zambarau imemiminwa kwenye nyekundu, au zambarau ilijazwa kwanza. EDTA, kizuia damu kuganda cha kwenye chupa ya zambarau, ina potasiamu, na yenyewe inanasa kalsiamu pamoja na madini ambayo kimeng'enya cha ALP kinayahitaji. Ndiyo maana mpangilio wa kujaza chupa ni kalcha, bluu, nyekundu, kijani, zambarau, kijivu. Bluu ijae hadi mstari, sehemu 1 ya sitreti kwa 9 za damu. Ikipungua, PT na APTT (vipimo vya muda wa damu kuganda) zinarefuka kwa uongo.

Hesabu zipo chache ila ni alama za bure. Mfano: mashine imetoa WBC (seli nyeupe) 12.0, slaidi ina seli nyekundu zenye kiini 20 kwa kila WBC 100. Unafanya 12.0 × 100 ÷ 120, unapata 10.0. Kwa watoto wa sikoseli hiki si cha mtihani tu, ni FBP (picha kamili ya damu) ya kila siku.

Na kanuni za Westgard za kusoma kontroli: 1-3s na R-4s zinaashiria kosa la bahati nasibu, 2-2s, 4-1s na 10x zinaashiria kosa la mfumo, yaani fikiria kalibresheni au loti mpya ya kitendanishi. Jibu la "rudia kontroli mpaka ipite" limewekwa pale kama mtego. Ni kosa kwenye mtihani na ni kosa benchi.

Binti_Pasua

Asanteni sana wakubwa, nimeelewa. Kontroli_Mbili, kituo je, niende Dar au Nairobi? Na kwa nchi za nje inanisaidia wapi hasa?

Benchi_la_Sakina

Angalia kwanza kwenye mfumo wa Pearson VUE ni kituo kipi kinatoa mtihani wa ASCP, kwa maana si kila kituo hutoa kila mtihani. Nairobi ikiwepo, kwa barabara kupitia Namanga ni karibu kwenu kuliko Dar. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano, lala huko usiku wa kuamkia mtihani. Foleni ya mpakani haijui saa ya kituo.

Kuhusu nchi: Uingereza mlango ni HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya huko, jina la biomedical scientist linalindwa kisheria, na IELTS wanataka wastani wa 7.0 bila sehemu kushuka chini ya 6.5. ASCPi haichukui nafasi ya HCPC. Marekani utahitaji pia VisaScreen (cheti cha uhakiki wa sifa) ya CGFNS, siku hizi TruMerit, kwa ajili ya viza ya kazi, na majimbo kama California na New York yana leseni zao. Nchi za Ghuba hupitisha vyeti kwa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, ambao wanaandikia chuo na mwajiri wako moja kwa moja. Barua pepe yao isipojibiwa, faili lako linarudi halijathibitishwa hata kama vyeti ni halali. Kabla hujalipa DataFlow, nenda chuoni ana kwa ana, ujue ni nani anajibu barua hizo na anatumia anwani gani.

Kaloleni_Docs

Niongezee: waambie na Baraza kwamba unaomba nje. Wengi wa hao wa nje huomba pia barua ya Baraza inayothibitisha kwamba uko kwenye daftari na huna shauri la nidhamu. Barua hiyo haitolewi kwa mtu ambaye ada yake ya mwaka haijalipwa.