Kundi la simu la Majirani wa Bondeni, Chanika: asubuhi baada ya moto

Mama Shufaa: Assalaam aleikum majirani, shikamooni wakubwa. Nashukuru kila mmoja kwa jana. Nyumba ya nyuma imekwisha, cherehani imekwisha. Watoto wote watatu ninao hapa kwa dada. Shufaa ameungua mkono.

Mzee Kondo (mjumbe): Marahaba mwanangu, pole sana. Alhamdulillah uhai upo.

Tumaini Nesi: Mkono mliupaka nini?

Mama Shufaa: Bibi yake alipaka dawa ya meno. Mimi nilikuwa nimepeleka sare za shule Pugu.

Tumaini Nesi: Mlete zahanati sasa hivi niusafishe. Na wengine wote naomba msome: mtu akiungua, mpitishie maji safi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana. Vueni pete na bangili mapema kabla hapajavimba.

Mama Shufaa: Mafuta ya maandazi yalishika moto, mtoto akayamwagia maji. Yakaruka mpaka kwenye pazia.

Tumaini Nesi: Hakujua, masikini. Mafuta yakiwaka funika sufuria kwa mfuniko wake, zima jiko, usiisogeze. Maji yanayarusha.

Baba Careen: Nimeamka naliwaza hili tu. Ilikuwa saa 8 mchana, mimi niko Kariakoo. Nimehesabu humu: jumbe 61 za "moto, moto" ndipo mtu akaandika kuwa amepiga 114 ya zimamoto. Gari lilipokuja likashindwa kukata kona kwa sababu ya tofali. Tofali zile ni zangu. Mama Shufaa naomba unisamehe. Leo zinaondoka.

Mama Shufaa: Nimekusamehe baba.

Side wa Bustani: Sisi tulivuta mpira kutoka bondeni, na pampu ileile ya kumwagilia mchicha. Ulifika ukutani ukaisha. Tungekuwa na mita 30 zaidi chumba cha pili kingepona. Sijalala.

Hamadi (Virginia): Shikamoo baba Kondo, shikamooni wote. Huku ni usiku wa manane, lakini nikisoma haya siwezi kunyamaza. Kijijini ninakoishi hakuna mzimamoto wa mshahara hata mmoja. Ni mkulima, fundi magari, mwalimu, na mimi niko nao mwaka wa tatu. Kifaa kiunoni kikilia unaacha ulichoshika unakimbia kituoni. Gari tulilonalo limetokana na kupika: watu wanauza kuku wa kuchoma na chapati za maji Jumamosi, na tiketi za bahati nasibu.

Mzee Kondo (mjumbe): Marahaba. Walianzaje, maana gari kwetu ni ndoto.

Hamadi (Virginia): Kwa ndoo, baba. Kikosi cha Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, kule Philadelphia mwaka 1736 kilikuwa watu 30, kila mmoja ana ndoo zake za ngozi na mifuko ya kuokolea vyombo vya jirani. Asiyehudhuria kikao alipigwa faini. Magari yamekuja vizazi baadaye.

Hamadi (Virginia): Na kazi ya kubeba wagonjwa ilikuja baada ya ile ya kuzima moto. Mpaka miaka ya 1960 sehemu nyingi za Marekani aliyekubeba ukigongwa alikuwa mwenye kampuni ya mazishi, kwa sababu ndiye mwenye gari la kulaza mtu. Gari lilelile la maiti. Huku Virginia, mji wa Roanoke, kijana Julian Wise aliwaona wanaume wawili wakizama mtoni akiwa na miaka 9, watu wamejaa ukingoni hakuna anayejua la kufanya. Mwaka 1928 akaanzisha kikosi cha uokoaji cha kujitolea na wenzake 9 wa reli. Leo tukiitwa mara 10, nyingi ni mtu kaanguka, kifua, uzazi. Moto ni mara chache.

Tumaini Nesi: Hapo kwenye uzazi, watu wengi mtaani hawajui 115. Ni namba ya mpango wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Penye upungufu wa ambulensi wanamtuma dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, analipwa kwa simu akimfikisha. Kwa hiyo wazo la jirani kubeba mgonjwa si geni hapa.

Chidi Boda: Sisi kijiweni tuko tayari. Ila dada nesi, aliyeanguka toka juu ya paa tumpakie?

Tumaini Nesi: Hapana. Shingo au mgongo ukiwa na shaka, asikunjwe wala kukalishwa. Anasubiri gari, alale bapa, mmoja amshikilie kichwa. Nitawafundisha.

Baba Careen: Kirikuu yangu, ile pikapu ndogo, ipo. Tununue tenki la lita 1,000 tuifunge na pampu ya Side.

Side wa Bustani: Lita 1,000 ni tani nzima, braza, na maji yanayumba. Kwenye mteremko wetu itapinduka na watu. Lita 500, tenki liwe limejaa kabisa na kufungwa kwa mikanda. Halafu tujaze tena bondeni.

Baba Careen: Sawa, 500.

Hamadi (Virginia): Jambo linalotuumiza zaidi huku nawaambia mapema. Vijana wanafanya kazi mbali. Usiku kituo kimejaa, mchana king'ora kinalia tunatokea watu wawili, mmoja ana miaka 70. Msiandike majina ya wanaorudi saa 3 usiku. Jana mlikuwa wangapi?

Side wa Bustani: Wanaume sita, wote wa bustani na kijiweni. Ndoo zilibebwa na kina mama.

Baba Careen: Kweli. Kirikuu nayo mchana inakuwa na mimi mjini.

Mama Ntilie Kona: Mimi nipo kuanzia alfajiri mpaka jioni, siendi popote. Mbona sijaulizwa? Nifundisheni hiyo pampu.

Side wa Bustani: Mama, inawashwa kwa kamba. Leo njoo bondeni nikuonyeshe.

Mzee Kondo (mjumbe): Nimewasikia. Saa 10 jioni kwangu. Nitapita ofisi ya serikali ya mtaa tuombe askari wa zimamoto waje kutufundisha, tusijiongoze wenyewe. Mpira wa mita 50 tuchangie kabla ya tenki. Mtu mmoja kwa kila zamu kazi yake iwe kupiga 114 tu, aseme na njia ya kuingilia, kisha akasimame barabarani kulielekeza gari. Daftari ninalo. Nataka majina ya mchana kwanza.

Mama Ntilie Kona: Andika la kwanza.

Chidi Boda: Boda watatu, tutapokezana.

Bibi Mwanahawa: Mimi sikimbii tena lakini simu naiweza. Nipeni 114.

Mama Shufaa: Mjumbe, niandike mchana, siku zote. Cherehani sina, nitakuwepo nyumbani.