Naomba ushauri: Wazee wawili tutaishije majira ya joto Bidiya bila ya kujifungia ndani miezi minne?

Mstaafu wa Bidiya (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzee wa miaka 68, mzaliwa wa Unguja, niliyekuja Oman mwaka 1975 nikiwa kijana na kufanya kazi ya ofisini Muscat hadi nilipostaafu miaka mitatu iliyopita. Baada ya kustaafu, mimi na mke wangu, ambaye ana miaka 63, tulihamia Bidiya, kwenye nyumba na shamba dogo la mitende alilotuachia marehemu baba yangu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Muscat, mahali ambapo mchanga wa jangwa la Sharqiya unaanza karibu na ukuta wa mwisho wa kijiji. Kuanzia Oktoba hadi Aprili sina ninalolalamikia. Tunatembea, tunapokea wageni, na wajukuu huja mwisho wa wiki wakateleza kwenye vilima vya mchanga mpaka jua likazama. Lakini ikifika Mei joto hupita nyuzi 40, Juni na Julai hufika nyuzi 45 na wakati mwingine huzidi, na hapo maisha yetu hubadilika kabisa.

Mwaka jana, mwishoni mwa Juni, nilikuwa shambani saa nne asubuhi nikiwasimamia vijana waliokuwa wakikata mashada ya tende. Sikuhisi kiu wala uchovu wa ajabu. Ghafla macho yaliingia giza, miguu ikakosa nguvu, na nilipozinduka nilikuwa nimelazwa chini ya mti wa mwembe nikimwagiwa maji. Kwenye kituo cha afya nilitundikiwa dripu na kurejeshwa nyumbani jioni. Tangu siku hiyo mke wangu hakuniruhusu kutoka nje hadi Septemba, naye pia hakutoka. Tulikaa chumba kimoja chenye kiyoyozi, pazia zimefungwa, televisheni imewashwa kuanzia alfajiri hadi usiku, na nasema kweli kwamba sijawahi kuwa na huzuni kama ile tangu nilipofiwa na mama yangu.

Mimi natumia dawa ya presha, na mke wangu anajidunga insulini. Watoto wetu wanataka tuhamie Muscat kwao kila msimu wa joto. Mke wangu angependa twende Unguja kwa dada yake. Mimi sitaki kukosa mavuno, kwa sababu mavuno ndiyo wakati pekee ambapo kijiji kizima hukutana na ndiyo sababu iliyonirudisha huku. Naombeni ushauri wenu, hasa wale ambao wameishi jangwani wakiwa watu wazima na si vijana.

Muuguzi Mstaafu

Wa alaykum salaam, kaka yangu, na pole kwa yaliyokupata. Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Oman kwa miaka mingi, na katika maelezo yako neno lililonishtua zaidi ni kwamba hukuhisi kiu. Mtu akishakuwa mzee, kiu humfikia akiwa amekwisha kupungukiwa na maji, na ngozi yake haitoi jasho la kutosha kumpoza kama alipokuwa kijana. Kwa hiyo usinywe maji kwa kufuata kiu, bali unywe kwa kufuata saa, bilauri moja baada ya nyingine tangu alfajiri, na uangalie rangi ya mkojo wako, kwa kuwa ukiwa wa njano iliyokolea ni dalili kwamba umechelewa. Kikombe cha mtindi mwepesi wenye chumvi kidogo, kama wanavyokunywa wenyeji mchana, ni kizuri pia, ila wewe mwenye presha usizidishe chumvi.

Pili, tazama jina la dawa yako ya presha. Zipo dawa za presha ambazo kazi yake ni kumkojoza mtu ili maji na chumvi vipungue mwilini, na katika joto la nyuzi 45 dawa hiyo inaweza kumwangusha mtu hata kama miezi ya baridi inamfaa kabisa. Usiiache kwa hiari yako, maana presha ikipanda ni hatari nyingine. Nenda kwa daktari mwezi wa Aprili, kabla ya joto, umwambie kilichotokea, naye ataamua kama dozi ibadilishwe.

Kuhusu insulini ya dada yetu, chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, baina ya nyuzi 2 na 8, wala zisigande. Ile inayotumika huweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, lakini mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina, na chumba kisicho na kiyoyozi Bidiya wakati wa Julai hakifai hata siku moja. Asiiache garini hata kwa muda wa kuingia dukani na kutoka.

Jambo la mwisho ni feni. Wengi hudhani umeme wa kiyoyozi ukikosekana feni ya betri itawaokoa, kumbe Shirika la Afya Duniani linatahadharisha kwamba hewa ikishafika nyuzi 40 feni peke yake humwongezea mtu joto. Mtu mwenye kizunguzungu na jasho jingi apumzishwe mahali pa baridi na apewe maji. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, mpigieni simu 9999 mara moja, na wakati mnasubiri mloweshe mwili mzima kwa maji na kumpepea, kwa kuwa hapo dakika zina thamani kuliko dripu.

Mkulima wa Ibra

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mdogo wako kwa umri, lakini nimezaliwa na kukulia huku Sharqiya, na nitasema kwa heshima kwamba kosa lako halikuwa kwenda shambani, bali kuwa shambani saa nne. Watu wa zamani huku hawakuwa na mchana wakati wa joto. Siku yao ilikuwa na ncha mbili, na katikati walilala. Mwezi wa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu, na ukisali alfajiri ukatoka moja kwa moja unapata saa mbili au tatu za kazi nzuri. Ikifika saa mbili asubuhi, uwe umeshanawa na kukaa kwenye kahawa na tende. Unarudi nje baada ya alasiri jua likishalegea, na baada ya isha ndiyo wakati wa kutembeleana. Hata serikali, kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti, inakataza kazi za nje baina ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu, na katazo hilo linawahusu vijana wenye nguvu. Sisi wengine tunapaswa kujizuia mapema zaidi.

Zamu ya maji ya falaji pia, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kama bado mnayo, omba ya usiku. Kwetu zamu hugawiwa kwa athari, yaani nusu saa, na wazee walipima usiku kwa nyota na mchana kwa kivuli cha mti uliosimamishwa. Maji ya usiku hayapotei kwa mvuke kama ya mchana, na wewe utakaa ukingoni miguu ikiwa majini, ukizungumza na jirani mwenye zamu inayofuata.

Sasa nyumba. Paa la zege hunywa jua mchana kutwa na kulitoa usiku, ndiyo maana chumba cha juu huwa kama tanuri saa nne za usiku. Hamieni chumba cha chini, upande wa kaskazini, na ukuta wa magharibi uwekeeni kivuli, hata kama ni cha makuti ya mitende tu. Kisha kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui: tangi la maji likiwa juu ya paa, maji ya bomba la baridi huwa ya moto kiasi cha kuunguza. Kuanzia Mei zimeni hita ya bafuni, kwa sababu maji yaliyomo ndani ya hita yamekaa kivulini na hupoa, kisha muoge kwa bomba ambalo miezi ya baridi lilikuwa la moto.

Na mtafute mtungi wa udongo, ule wa kutundika. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo maji yanayopenya kwenye ngozi ya mtungi hukauka haraka na kuyapoza yaliyobaki ndani. Muscat, penye unyevu wa bahari, mtungi huohuo haufanyi kazi vizuri.

Mhudumu wa Wazee, Arizona

Salamu kutoka Phoenix, Marekani. Mimi ni Mkongo wa Bukavu, na kwa miaka tisa nimekuwa nikihudumia wazee katika mji wa Sun City, mji uliofunguliwa tarehe 1 Januari 1960 jangwani kwa ajili ya wastaafu. Baba, hali unayoeleza naiona kila mwaka kwa wazee wa huku, na hata ile huzuni ya pazia zilizofungwa naijua.

Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la mchana lilifika au kuzidi nyuzi 43, na katika wilaya yetu ya Maricopa vifo 645 vilihusishwa na joto mwaka huo. Wengi walikutwa nje, lakini wapo waliofia ndani ya nyumba zao, na mara nyingi kwa hao wa ndani kiyoyozi kilikuwa kimeharibika au kimezimwa. Nakwambia haya kwa sababu umemwelekea adui wa shambani peke yake. Mwite fundi akague kiyoyozi mwezi wa Machi, kabla mafundi hawajazidiwa na kazi, na muwe na chumba cha pili chenye kiyoyozi kidogo, ili kimoja kikifa usiku msihitaji kusubiri mpaka asubuhi. Tena mkubaliane na jirani ambaye nyumba yake mnaweza kuingia saa yoyote bila kuomba radhi.

Wazee wangu hapa hutembea alfajiri, na wengine hutembea ndani ya maduka makubwa kabla maduka yenyewe hayajafunguliwa. Lakini kinachowaweka hai zaidi, kwa nilivyoona mimi, ni simu. Kila mmoja ana mwenzake ambaye humpigia asubuhi na jioni, na simu isipopokelewa mara mbili mtu huenda mlangoni.

Mtoto wa Wazee, Muscat

Shikamoo ami yangu. Wazazi wangu wako Mudhaibi na mimi naishi Muscat, kwa hiyo niruhusu niseme kwa niaba ya watoto wako. Tunapowaambia mje kwetu, hatumaanishi kwamba shamba halina maana, bali tunaogopa simu ya saa nane mchana. Hata hivyo, kwa unyevu ule alioutaja Mkulima, Muscat si mahali pa kupumzikia joto. Pwani ina unyevu, na usiku hauleti nafuu. Mwaka 2018, tarehe 26 Juni, huko Quriyat joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa siku nzima, usiku ukiwemo. Mtatoka kwenye chumba kimoja chenu na kuingia chumba kimoja chetu, ghorofani, bila ua wala jirani wa kuongea naye. Jambo ambalo lingetutuliza sisi ni kupewa mpango ulioandikwa: nani ana ufunguo, dawa zipi mnatumia, nani atatupigia. Baba yangu alikataa kwa miaka miwili kuandika karatasi hiyo, na alipoiandika tuliacha kugombana naye.

Bibi wa Mbweni

Wa alaykum salaam. Mimi niko Unguja, na nasema tu kwamba mke wako ana haki yake pia. Julai na Agosti huku ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na usiku mtu hujifunika. Mmeshazungumza mno juu ya tende, lakini hakuna aliyeuliza yeye mama anataka kukaa na nani.

Mstaafu wa Bidiya (mwanzisha uzi)

Nawashukuru nyote, na kwako Bibi wa Mbweni nakiri kwamba nilisoma jibu lako mara tatu kabla ya kumsomea mke wangu. Nilipomuuliza ulivyouliza wewe, aliniambia kwamba hajawahi kukaa na dada yake zaidi ya wiki mbili tangu walipoachana wakiwa wasichana. Sikuwa nalijua hilo kwa uzito wake, na hali tumeishi pamoja miaka 39.

Tumeamua hivi. Tutabaki Bidiya hadi tabsili, yaani mavuno na uchemshaji wa tende za mabsili, imalizike, kisha sote wawili tutakwenda Unguja mpaka katikati ya Septemba. Daktari nimeshamwona, na kweli dawa yangu ilikuwa ya aina aliyoieleza Muuguzi, naye ameibadilisha na kunitaka nipime presha kila asubuhi. Kitanda kimehamia chini. Karatasi ya mpango nimeiandika na kuwatumia watoto, na mwanangu mkubwa alinijibu kwa neno moja tu, ahsante, jambo ambalo si kawaida yake. Mwalimu mstaafu wa jirani yetu, ambaye naye hukaa peke yake tangu alipofiwa na mkewe, tumekubaliana kupigiana simu baada ya alfajiri na baada ya alasiri, na tayari mara mbili simu hiyo imegeuka kuwa kahawa ukumbini kwake.

Mkulima wa Ibra, tende zetu za mabsili tutazichemsha wiki ya kwanza ya Julai, inshallah. Moto watausimamia vijana, mimi nitakaa kivulini kuhesabu mashada. Ukipata nafasi njoo ulale kwetu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu masufuria tutayainjika mara tu baada ya sala, na kabla ya saa mbili tutakuwa tumeshaingia ndani.