MJADALA: Mtoto mwenye usonji alazimishwe kutuangalia machoni au aachwe?

Mleta mada:
Wakuu naomba tujadili hili bila kutukanana. Kuna vituo na shule saivi mtoto mwenye usonji (autism) akipokelewa tu kitu cha kwanza anachofundishwa ni "niangalie", yaani kabla ya kuhesabu, kabla ya kuvaa viatu, kwanza macho. Anashikwa kidevu, uso unageuzwa, akiangalia anapewa biskuti, asipoangalia zoezi linarudiwa mpaka analia. Mimi nasema hii iachwe. Sio ipunguzwe, iachwe.

Na haijaanzia kwetu. Chimbuko lake ni Marekani, kwenye mazoezi ya Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa pale chuo kikuu cha UCLA, yule aliyetoa ripoti iliyovuma sana 1987 kuhusu kuwafundisha watoto wenye usonji. Kwenye mazoezi ya aina ile mtaalamu alikuwa anashika kipande cha chakula usawa wa macho yake ili mtoto ainue macho, hoja ikiwa kwamba asiyekuangalia hawezi kujifunza kwako. Ukiisikia unasema sawa, ila watafiti wa Uingereza akina Doherty-Sneddon walikaa wakaangalia watoto wasio na usonji wakiulizwa maswali, na swali linavyozidi kuwa gumu ndivyo mtoto anavyozidi kutupa macho pembeni, ukutani, darini, popote pasipo na sura yako, kwa sababu uso wa mtu una mambo mengi na ukiukazia macho kichwa kinafanya kazi mbili kwa mpigo. 2012 wakapima na watoto wenye usonji, nao hivyo hivyo. Sasa wewe unamuuliza saba kutoa tatu huku umemshika kidevu, unategemea ajibu nini?

Afu kuna hili la kuzidiwa. Mwaka 2017 mtafiti Hadjikhani na wenzake waliwaweka watu wenye usonji kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha nyuso na kuwaelekeza waangalie sehemu ya macho tu, na zile sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazotushtua zikafanya kazi kupita kiasi. Kwahiyo anayekwepa macho yako usimwambie hajali, inawezekana yanamzidi.

Najua atatokea mtu aseme bila kuangalia nyuso hatazijua. Jamani kuzijua nyuso kunaanza mapema kuliko tunavyodhani. Mtoto mchanga wa dakika chache anafuata kwa macho mchoro wenye umbo la uso kuliko ule uliovurugwa, hilo linajulikana tangu 1975. Akifika miezi 6 anatofautisha hata kima mmoja na mwingine, akifika miezi 9 uwezo huo umeshapungua kwa sababu ubongo umejikita kwenye nyuso za watu anaowaona kila siku (Pascalis na wenzake, 2002). Kwa wenye usonji mambo yanaanza kwenda tofauti mapema pia, watafiti Jones na Klin 2013 walionyesha watoto ambao baadaye walikutwa na usonji walianza kwa kuangalia macho kama wenzao, kisha kuanzia miezi 2 hadi 6 wakawa wanapunguza. Lakini wanazijua nyuso kwa njia yao! Mtafiti Langdell 1978 aliwapa watoto wenye usonji picha za wanafunzi wenzao zimezibwa sehemu sehemu, na wale wadogo wakawatambua kwa upande wa chini, mdomo na kidevu, vizuri kuliko watoto wengine. Maana yake walikuwa wanaangalia, ila sio pale tunapotaka sisi.

Na sisi Waswahili ndio tunachekesha. Mtoto asiye na usonji akimkodolea mzee macho ataambiwa ana macho makavu, akiinamisha anasifiwa adabu. Huyu mwingine akiinamisha anapelekwa terapia.

Mama Wawili:
Kaka nakuheshimu ila unaongea ukiwa mbali na moto. Mwanangu sokoni aliwahi kumfuata mwanamke mwingine mwenye buibui kama langu, mpaka muuza nyanya ndio akapiga kelele. Hakujua kama sio mimi!! Nikae nisubiri aanze "kwa njia yake"? Mtaalamu wake anamfundisha sura yangu na ya baba yake kwa picha, kila jioni, na nalipa.

Mdau wa kliniki:
Mleta mada hapo kwenye adabu umeteleza. Ile dodoso ya M-CHAT-R, ya kuangalia kama mtoto ana dalili za usonji, ina maswali 20 na mojawapo linauliza kama mtoto anakuangalia machoni ukiongea naye, ukicheza naye au ukimvalisha. Ni ya watoto wa miezi 16 mpaka 30. Mtoto wa umri huo adabu ya kuinamia wazee ameitoa wapi? Watu wakishaamini kwamba macho sio ishu, watoto watachelewa kupelekwa kupimwa.

Mleta mada:
Mdau, dodoso ibaki, ile ni ya kugundua. Nagombana na wanaoigeuza kuwa tiba.

Dada yangu Mama Wawili, pole sana kwa lile la sokoni, lakini unachofanya jioni sicho ninachokipinga. Mapitio ya tafiti ya 2012 (Weigelt na wenzake) yanaonyesha wengi shida yao kubwa iko kwenye kuukumbuka uso ukishaondoka mbele yao, kwahiyo picha zinaingia akilini. Ongeza na sauti, vaa mtandio wa rangi moja mkienda kwenye watu, kubalianeni neno lenu la kutambuana. Marehemu Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, mwenyewe alisema ana shida ya kutambua sura za watu, na bado sokwe wa Gombe pale Kigoma aliwajua mmoja mmoja. Hakuna aliyemshika kidevu.

Msomaji tu:
Mimi nina usonji niko chuo. Shule nilijifunza kuangalia watu kwenye nyusi, walimu wakafurahi sana, somo sikulisikia. Rafiki zangu nawajua kwa mwendo na sauti, mtu akisuka nywele mpya nampita kama simjui halafu wananinunia.

Mwalimu wa chekechea:
Haya nimewasoma wote. Sasa niambieni, mzazi analipa ada, anakuja mwisho wa muhula na swali lake la kwanza ni "anaangalia sasa?" Nikiacha zoezi naandika nini kwenye ripoti?

Mleta mada:
Andika kama anaitika akiitwa, kama anamfuata mwenzake kwenye mchezo, kama anakwambia anachotaka kwa mdomo au kwa kidole. Na huyo mzazi mkaribishe darasani akae nusu saa aone mwenyewe.

Mama Wawili:
La mzazi kukaa darasani naunga mkono. Ila nani amwambie mwanangu aangalie na nani asimwambie, hilo nitaamua mimi na mtaalamu wake, wengine endeleeni.