Tupeane uzoefu: bonsai yako ya kwanza, ule mti unaokuzwa mdogo kwenye chombo, ulikata nini ukajuta?

JiweJeusi (Himbi, Goma): Leo asubuhi nimepita kwenye ukuta wa mawe ya volkano, nikaona muvumu (mtini wa porini) mdogo umejiotea kwenye ufa, mizizi imelibana jiwe kama vidole. Nikasimama pale kama mjinga. Wangu wa kwanza ulikuwa hivyohivyo. Niliung'oa, nikauweka kwenye sahani ya udongo, na siku hiyohiyo nikakata matawi, nikakata mizizi, nikaufunga waya. Nilikuwa nimeona picha ya ile staili ya Kijapani ya kuning'inia, kengai, nami nikataka yangu ining'inie. Ikaning'inia kweli. Majani yote! Nyinyi mlijuaje mti wenu unafaa staili gani?

MamaMaua (Keshero): Pole kaka. Wangu ulikuwa sipre. Nilitaka usimame wima kabisa, chokkan, kama mlingoti. Tawi hili limezidi, kata. Sasa upande wa pili umezidi, kata. Unamjua mtu anayejinyoa bila kioo? Niliposhtuka, imebaki fimbo yenye kishungi juu. Nikajipa moyo: itachipua, mupera si unachipua? Nikamwagilia mwezi, nikamwagilia wa pili, jirani ananiuliza mama, hiyo fimbo unaipa maji ya nini. Kumbe sipre ukilivua tawi majani yake yote, tawi hilo limekwenda, halirudi. Leo ile fimbo inashikilia nyanya.

Kadogo_Katindo: Kunyoa bila kioo 😂 njo mimi kabisa.

FundiSekateri (Majengo): Shida yenu mnaanzia juu. Fukua udongo kidogo shinani, uone mizizi inapotokea. Zungusha mti, utafute uso wake. Shina limejipinda lenyewe? Hiyo ni moyogi, na kwa anayeanza ndiyo inayosamehe. Limelala upande? Shakan. Tawi la kwanza liache kwenye theluthi ya urefu hivi, na matawi mawili yakitazamana kama mikono ya msalaba, moja liondoke. Majani usitoe zaidi ya theluthi kwa mara moja. Mizizi ngojea msimu mwingine. JiweJeusi, wewe ulimpasua mgonjwa tumbo na kichwa siku moja.

Ibanda_Bukavu: Theluthi ya nini? Muvumu wangu nauvua majani yote, unarudi na madogo mazuri zaidi.

FundiSekateri: Wako una miaka mingapi?

Ibanda_Bukavu: Sita.

FundiSekateri: Basi. Huyu anauliza habari za mtoto, wewe unampa pilipili.

Ibanda_Bukavu: Watu wa Goma bwana, mkisoma kurasa mbili mmeshakuwa maprofesa. Huku kwetu udongo mwekundu unashika maji kama bugali, mizizi inaoza, na bado tuna miti.

FundiSekateri: Ndiyo maana tunawaambia mchanganye mawe ya volkano yaliyochekechwa. Wenzetu Ulaya wanayanunua kwenye mifuko, sisi tunayakanyaga.

Ibanda_Bukavu: Niletee basi, boti zipo.

Bidoni_Njano: Mimi yangu ilikatwa na mbuzi. Sichezi.

Volkano yetu ya Nyiragongo ilitoka Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Tukavumilia matetemeko, hata tarehe 27 tukaambiwa tutoke. Barabara ya Sake mnaikumbuka siku ile. Mimi nimebeba mtoto mgongoni, bwana yangu godoro, na mama mkwe amebeba beseni lenye mti. Nilimwambia mama, acha hiyo. Akasema huu mti tumeukuza pamoja, siuachi kwa moto. Kilomita kama 25, kwa mguu! Watu wanatuangalia: hawa wamebeba mboga?

Kufika Sake tukalala kwenye uwanja wa watu. Alfajiri nasikia mama analia. Nikajua kuna mtu amekufa. Natoka, naona mbuzi wa mwenye nyumba amesimama kwenye beseni, anatafuna. Upande mzima umekwisha. Mama alimpiga kwa kiatu mpaka kiatu kikakatika.

Tuliporudi nyumbani nikataka kuutupa. Bwana yangu akauangalia, akasema ngoja. Matawi yote yaliyobaki yako upande mmoja, kama mti uliopigwa na upepo wa ziwa miaka yote. Baadaye ndipo nikajua hata Wajapani wana jina lake, fukinagashi. Tangu siku ile nakata vichipukizi tu.

Kadogo_Katindo: 😭😭 mama mkwe apewe medali

MamaMaua: Tarehe 27 nilisahau cherehani nikabeba mfuniko wake. Usinikumbushe.

Ibanda_Bukavu: Sisi tuliwapokea bandarini na chai. Mbuzi mmoja tu ndiye aliyefanya kazi ya fundi.

JiweJeusi: Jamani, turudi kwenye mada.

Mgeni_Ndosho: Nina bugenvilia, ina mwaka mmoja, ina maua. Nikate leo?

FundiSekateri: Ngojea maua yaanguke.

Kadogo_Katindo: Kata tu, haifi ile.

MamaMaua: Ukikunja kwa waya, kunja vitawi vya kijani. Vilivyokomaa vinakatika, tak! Na waya uuchungulie kila wiki, wangu uliingia ndani ya ganda.

JiweJeusi: Nimerudi kwenye ule ukuta. Nimeuacha palepale.

MamaMaua: Bidoni, na beseni?

Bidoni_Njano: Lilibaki Sake. Mbuzi alilitoboa.