Apatimenti ya ngazi ndani Chumbageni au nyumba Sahare? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mgosi_Mpangaji
Wagosi habari zenu, wakubwa shikamooni. Kuna apatimenti inauzwa hapa Tanga, mtaa wa Chumbageni, jengo jipya la ghorofa nne. Ina ngazi kwa ndani: chini sebule, jiko na choo cha wageni, juu vyumba vitatu. Nimeipenda, kusema kweli. Mjomba naye kanitafutia nyumba ya kawaida Sahare, ya zamani, ina uwanja na minazi miwili. Mke anataka apatimenti, mama anataka Sahare. Muuzaji wa apatimenti anadai malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Nichukue ipi?

KakaWaMabawa
Bei hujasema, hati hujasema, hujasema kama ni ya kuishi au ya kupangisha. Tukushauri kwa lipi?

Bi_Pwani
Na jengo liko upande gani? Zamani bandarini meli zilitia nanga nje, mzigo ukaletwa na matishari. Siku hizi gati limeongezwa kina, meli zinafunga hapohapo, na malori yameongezeka. Nenda ukasikilize usiku, usitosheke na saa anayokupeleka dalali.

Mgosi_Mpangaji
Apatimenti milioni 145, Sahare 95. Ni ya kuishi, tupo sita pamoja na mama. Mlango wa kuingilia uko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Hati nimeambiwa ipo, ya kiwanja kizima, kwa jina la mwenye jengo.

Mzee_wa_Usagara
Hapo kwenye hati simama kwanza, mwanangu. Mimi niliuziwa ghorofani Dar kwa maneno hayohayo. Tuliandikishana kwa wakili, nikalipa, nikahamia na familia, nikaweka tailizi mpya. Hatukujua kwamba mwenye jengo alishaiweka hati rehani benki kabla hajatuuzia hata mmoja wetu. Mkopo ulipomshinda, tangazo la mnada likabandikwa getini. Mke wangu ndiye alilikuta, anatoka sokoni. Akalisoma lote pale aliposimama, maji ya samaki yanamdondokea viatuni, kisha akapanda juu na kuniambia nianze kutafuta nyumba. Tulikwenda mahakamani tukiwa wengi, kila mtu na mkataba wake mkononi, na mikataba ile haikuwa na nguvu mbele ya rehani iliyosajiliwa. Hela sikuiona tena.

Ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Kila apatimenti inaweza kupata hati yake, na wenye sehemu wanakuwa na chama chao cha kusimamia ngazi, paa, tangi na uzio. Mwambie muuzaji asajili sehemu kwanza. Akikataa, ondoka. Na kabla ya Ijumaa hiyo fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone kama kuna rehani au zuio.

KakaWaMabawa
Pole sana mzee. Na hiyo ya Sahare nayo isipite hivihivi. Mwenye nyumba yuko hai? Kama ni ya urithi, msimamizi wa mirathi ni nani, na kateuliwa na mahakama? Kama yuko hai na ana mke, mke karidhia?

Fundi_Zege
Jengo jipya si hoja, upepo wa chumvi hauchagui. Panda hadi juu kabisa, tazama chini ya zege linalobeba tangi. Ukiona mistari ya kahawia, nondo zimeshaanza kutu. Kutu inavimba, zege linamenyuka. Uliza pia mchanga ulitoka wapi. Wa baharini usiooshwa unamaliza nondo kutoka ndani.

Raskazone_Kijana
Mnamtisha bure. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linashukia Chongoleani, bandari imepanuka, mji unabadilika. Chumbageni ya miaka mitano ijayo si hii. Achukue sasa.

Bi_Pwani
Chongoleani unazunguka ghuba nzima kufika. Na waliopandisha kodi za nyumba ni watu wa ujenzi. Bomba likishalazwa wengi wanakwenda zao. Mwenzetu kasema anataka kuishi, wewe unampigia hesabu za mpangaji. Mimi nauliza mama atalala wapi, maana vyumba vyote viko juu. Apande ngazi za jengo, halafu za ndani? Na siku ya shughuli turubai litafungwa wapi, sufuria za pilau zitainjikwa wapi?

Raskazone_Kijana
Shughuli siku hizi ukumbini, mama.

Bi_Pwani
Msiba nao ukumbini?

Mgosi_Mpangaji
Nimempigia muuzaji. Anasema kusajili sehemu kunachukua muda, na Ijumaa iko palepale. Mke anasema tungoje upekuzi. Mama hana habari na hati, anaulizia minazi kama inazaa.

Fundi_Zege
Minazi ikague magonjwa. Ukiona majani yamekuwa njano na nazi changa zinapukutika, uikate isije ikaangukia bati.

KakaWaMabawa
Na maji? Apatimenti ina mita yake au mnagawana bili?

Mgosi_Mpangaji
Sikuuliza. Kesho nitauliza.

Mwanakwao_Pongwe
Ndugu, ukiiacha ile ya Sahare niletee namba ya mjomba huku chemba. Nina hela taslimu.